Hasira ya Shangazi Mable

Mimi nilitaka kuolewa tu. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa kijiji chetu cha Makwasinyi mpaka leo hudai mimi ndiye niliyeleta mambo ya sinema katika ukoo wa baba yangu. Aliyeyaleta ni Munyao, mchumba wangu, Mkamba wa Kaloleni kule Voi, kijana mwenye meno mazuri na akili nyingi kuliko zilizohitajika.

Mwaka wa 1956 Munyao aliacha ukarani wa stesheni akaenda kujifunza kwa Bwana Donald, msomi wa Kizungu aliyekuja Taita kuchunguza mila zetu kwa kuzipiga sinema badala ya kuziandika. Somo lao lilikuwa na amri moja kubwa: watu wasiigize. Kitakachoingia kwenye kamera lazima kiwe kimetokea kweli, la sivyo mwanafunzi amefeli. Munyao alipewa mtihani wa kupiga sinema ya kutasa, ile mila yetu ya kutoa kinyongo, na kukosekana kwa kutasa ndiko kulikokuwa kumezuia harusi yetu.

Nyanya alipofariki, baba yangu Josephat alituma habari mpaka Chala kule mbali, kwa watu aliowahi kukutana nao mara moja sokoni, akamsahau dada yake mwenyewe, shangazi Mable, aliyekaa upande wa pili wa mlima huu huu wa Kasigau. Shangazi alifika kaburi limekwisha kufukiwa. Tangu siku hiyo hakumsemesha baba. Na kwetu msichana haolewi huku shangazi yake ana kinyongo. Hata wachungaji walilijua hilo, ingawa hawakulihubiri. Lazima kwanza atase: ajaze kinywa maji ya muwa, ayapulize nje, na aseme hasira itoke. Ikitoka imetoka kweli, si maneno ya adabu.

Tulimbembeleza mwaka mzima. Alipokubali nililia kwa furaha, na Munyao akaenda kuleta kamera.

Siku yenyewe shangazi alisimama uani kwake, akavuta funda kutoka kwenye kibuyu, akalipuliza. Matone yakamwangukia baba kifuani.

"Kama nina hasira na ndugu yangu," alisema, "itoke, iende zake."

Baba alilia mpaka kamasi zikamtoka. Shangazi akamshika mabega, naye akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria gauni. Kisha nikamwona Munyao ameigeuza kamera, anaitazama mbele, amekauka. Alikuwa hajatoa kifuniko cha kioo. Tundu la kuchungulia lilikuwa kando, kwa hivyo yeye aliona kila kitu, na kamera haikuona chochote.

"Shangazi," alisema, "naomba turudie."

"Turudie nini, mwanangu?"

"Kutoa hasira."

"Hasira gani tena? Si imetoka? Umeiona mwenyewe ikitoka." Shangazi alimhurumia. "Lakini kama ni maji tu, naweza kukutemea."

Bwana Donald, aliyekuwa ameketi kivulini, akatikisa kichwa. Huko kungekuwa kuigiza.

Mtu mwingine angeifunga kamera, akala wali, akaoa. Munyao alimwuliza mwalimu wake kama kuna ubaya wa kumkasirisha mtu ili atase upya, bora tu akasirike kweli. Bwana Donald akasema yeye hajali hasira ilikotoka.

Basi Munyao akawafungulia mbuzi wakaingia kwenye kunde za shangazi.

"Waache wale," shangazi alisema. "Nao wana njaa."

Akamwambia nyumba yake imepinda. Shangazi akaitazama na kukiri kwamba kweli imepinda, tena siku nyingi. Baba naye, kwa kutaka kumsaidia mkwe, akapiga magoti na kuapa kwamba siku ile ya msiba hakumsahau dada yake, alimruka makusudi.

"Nilijua," shangazi alisema, akamwinua. "Hata hilo limetoka na yale maji."

Nilidhani basi, yamekwisha. Munyao akaingia jikoni akatoka na chungu alichoachiwa shangazi na marehemu nyanya, kitu pekee cha mama yake alichokuwa nacho. Akakiinua juu, akakiachilia kwenye jiwe, kisha akakimbilia kamera. Kifuniko hakusahau safari hii. Shangazi alikitazama kidogo. Akachukua ufagio, akaanza kuzoa vigae huku akiimba wimbo wa kanisani.

"Wewe mtu, una wazimu?" nilipiga kelele. "Amani tumeitafuta mwaka mzima, wewe unataka kuivunja ili uipige picha? Chungu cha nyanya! Huna haya?"

Bwana Donald akainuka kivulini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Huyu," alisema, "amekasirika kweli."

Furaha iliyozuka pale sijaiona tena. Baba alimpa Munyao mkono. Shangazi alitupa ufagio akaniletea kibuyu mbio.

"Haya, mwanangu, tasa. Utulie, mwenzako apate mtihani wake, halafu twende tukale."

Nilijaza kinywa. Nilimpenda Munyao, sitaficha. Na nilijua nikiyapuliza yale maji hasira itatoka kweli, yote, kama ya shangazi, na kesho akivunja kingine nitachukua ufagio niimbe. Hilo lilinitisha kuliko kukosa mume. Nikamtazama, nikingoja anitazame mara moja tu kwa macho yake. Alikuwa amegandamiza jicho kwenye lile tundu, mkono mmoja ukiniashiria nisogee kushoto, penye jua.

Nikayameza.

"Harusi hakuna," nikasema.

Baba akaketi chini palepale. Shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Munyao hakuinua kichwa, na kamera ikaendelea kunguruma.

"Vizuri sana, Susan," alisema. "Usiache. Sema tena, na uso uulete huku."