Mkono wa Wifi

Shangazi alipoinua mkono kuanika shuka, mama aligeuza kiti akatazama ukuta.

"Ona anavyoringa na hilo kwapa," akaniambia. "Shuka moja, analianika mara tatu."

Wote wawili walikatwa titi kwa saratani, wiki moja, daktari mmoja. Vidonda vyao vilishafunga zamani. Shangazi akarudi kuwa shangazi. Mama hakuweza kuvumilia hata mshono wa blauzi. Ulimchoma kama pasi ya moto, na maumivu yakateremka mpaka kwenye kiwiko.

"Baba yako aliongea na wale watu wa hospitali," alisema. "Dada yake kapewa sindano ya maana, mkewe kapewa maji."

Uongo mtupu. Nilikuwepo wodini daktari wa ganzi alipopita kabla ya upasuaji. Una maumivu ya zamani? Unalala vizuri? Unaogopa? Alieleza kwamba majibu yangemsaidia kubashiri nani anaweza kubaki na maumivu hata baada ya kidonda kupona, ili amwahi mapema. Shangazi akamwaga yote: mgongo, kichwa, usingizi hana, anaogopa kufa. Kwenye kitanda cha pili mama akanikonyeza.

"Wifi yangu kwa kudeka, hana mpinzani."

Zamu yake ilipofika, akajinyoosha. "Mimi sina kitu, daktari. Kata tu."

Huyu ni mama ambaye bega lilimtesa tangu nikiwa shule ya msingi, na ambaye nyumba nzima ilipolala yeye alizunguka sebuleni. Basi shangazi akapata ganzi ya ziada ubavuni na mtu wa kumfanyisha mazoezi ya mkono. Mama akasifiwa ujasiri.

Jana waliingia kliniki pamoja, mikoba yao nimebeba mimi. Daktari yuleyule wa ganzi akaanza na shangazi.

"Kichwa kidogo tu, na mkono hukaza asubuhi."

Daktari akasogeza kiti, akamshika kiganja, akampa pole, akauliza tangu lini. Mama alikuwa anatafuna mdomo.

"Na wewe, mama?"

"Mimi sina..." Akakitazama kile kiganja cha wifi yake, bado kimeshikwa. "Huyo ni kichwa kidogo. Mimi nguo ikinigusa naungua. Silali. Na bega hili lilikuwa bovu hata kabla hamjanikata."

Daktari akakiachia kiganja, akahamishia kiti kwake. "Ungeniambia siku ile, na wewe ningekupa ile ganzi. Huenda ingesaidia, siwezi kuapa. Sasa tutaanza na dawa za mishipa ya fahamu na mazoezi. Itachukua muda."

Mama akamgeukia shangazi. "Kumbe ulijua. Ndiyo maana ulilialia."

"Nijue nini, wifi? Niliogopa, basi."

Mama akashika kiwiko chake.

"Hata kuogopa," akasema, "umenishinda."