Wa Kwanza Kuingia Majini

Wivu wa mzee Efraimu ulikuwa na umri sawa na kanisa lenyewe, miaka kumi na miwili. Kanisa hilo la Kibaptisti lilianza mwaka 1986 kule tambarare, chini ya Himo, watu wa Mwika, kule mlimani, waliobanwa na vihamba vidogo, yale mashamba ya ukoo, waliposhuka kufyeka pori. Efraimu ndiye aliyetoa zamu yake ya maji ya mfereji ili bwawa la kubatizia lijae, maana Wabaptisti hawanyunyizi, wanazamisha mtu mzima. Mahindi yake yakakauka, wala hakunung'unika. Alijua atakuwa wa kwanza kubatizwa.

Siku yenyewe mchungaji akaita. Efraimu akachungulia yale maji ya kutoka mlimani, miguu ikagoma. Jirani yake Theodory, ambaye hakuwa ametoa hata ndoo moja, akampita na kutumbukia. Basi. Tangu hapo kila mgeni anaoneshwa Theodory: "Huyu ndiye Mbaptisti wetu wa kwanza." Efraimu akisikia hivyo, hata chakula kinamshinda.

Mwaka 1998 Violet, katibu wa kanisa, akaanza kuandika historia ya kusomwa siku ya sikukuu ya kanisa. Akafika kwa Efraimu na daftari.

"Shikamoo babu. Siku ile ya ubatizo ilikuwaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Andika hivi. Nilikuwa nimeshaingiza mguu. Theodory akanisukuma, akatangulia."

Uongo mtupu, na aliusema bila kupepesa macho. Jioni hiyo alikula sahani mbili za kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage.

Violet hakuridhika, akaenda kumsomea Theodory. Mzee yule akafikiri kidogo, akasema, "Kama ndivyo alivyosema, acha neno lake lisomwe."

Likasomwa kweli, Jumapili ya sikukuu, mbele ya watu wote. Theodory akainuka, na Efraimu akajiandaa kwa ugomvi, tena aliutamani. Lakini Theodory alikuja taratibu, mkononi ana jani la isale, lile ambalo Mchagga akikuletea kuomba radhi huwezi kulikataa. Mchungaji akakunja uso; mambo ya mila hakuyapenda kanisani.

"Ndugu yangu," Theodory akasema, "mimi sikumbuki kukusukuma. Ila kama umelibeba miaka yote hii, nisamehe."

Akina mama wakaanza kufuta machozi. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ndiye Mkristo!"

Efraimu akalipokea jani, na wivu ukamzidi kuliko siku zote. Kumtangulia majini, haya. Sasa anamtangulia hata kwa wema, tena kwa kosa ambalo hakulitenda!

"Violet, futa!" akafoka. "Hakunisukuma mtu. Niliogopa maji mimi! Na uandike kwamba nimesema mwenyewe, bila kuulizwa."