Mvua ya Rubani Marvin

Siku ya kupimwa afya, Marvin Okoth alifika kliniki na taulo begani. Tangu amzike mkewe, Celine, mvua ilikuwa ikimnyeshea yeye peke yake, awe ndani au nje. Nyumbani kwake, mtaa wa Ayany, alilalia godoro la plastiki. Ndegeni, rubani mwenzake Kavoi alifunika vifaa kwa koti, na safari zikaendelea.

Daktari Ndungu alimpima macho, masikio na moyo. Kisha akafungua mwavuli, akauliza maswali ambayo Bodi ya Afya ya Marubani humtaka amuulize kila rubani.

"Umewahi kusumbuliwa na huzuni, ama kukosa usingizi?"

"Hapana, daktari."

Ndungu akauhamisha mhuri wake kwenye droo kavu.

"Umewahi kutibiwa hayo mambo?"

"Hapana."

"Basi uko fiti."

Bodi haikuwa na neno na rubani aliyelowa. Aliyepoteza kazi ni yule aliyekiri kwamba ametafuta msaada. Na Marvin alikuwa ameutafuta: kila Jumamosi alikwenda Kawangware kwa mama mmoja mshauri, akalia mpaka akachoka, na wiki baada ya wiki mvua ikapungua, yakabaki manyunyu. Kosa lake ni kwamba alimweleza mamake, Amolo, kabla ya Jumapili.

Amolo aliishi Gatwekera na kusali Kambi Muru, katika kanisa ambalo kunyamazia wema wa Mungu ni sawa na kumwibia. Akasimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe sana. Marvin wangu, yule rubani, alikuwa ananyeshewa hata akilala. Sasa anaona mshauri huko Kawangware, na mvua inaisha. Nisaidieni kushukuru."

Kanisa zima likapiga makofi. Mwanakwaya mmoja, karani wa Bodi, alipiga kuliko wote, na Jumatatu akawasimulia wenzake habari hiyo njema.

Wiki haikuisha kabla Marvin hajaitwa na kunyang'anywa leseni. Wakubwa walimweleza kwa upole kwamba mtu anayetibiwa huzuni hafai kupewa abiria. Siku hiyo alikuwa mkavu kabisa, hata kola. Ilimuuma sana, kwa maana kuruka ndiyo kazi pekee aliyowahi kuitaka, na Amolo alilia mpaka majirani wakaja.

Mwezi uliofuata, Kavoi alipita Gatwekera kuwajulia hali Marvin na mamake. Alikuwa amempoteza babake, na yunifomu yake ilichuruzika maji. Amolo akamwekea beseni miguuni, akampa chai.

"Na wewe umeona mtu wa kuongea naye?"

"Siwezi, mathe. Niko na flight kesho."

"Basi wacha nikuombee."

Kavoi alimtazama Marvin, kisha akainamisha kichwa.

"Niombee tu. Lakini usinitaje jina."

Amolo akafumba macho, akamwombea mtu fulani, na chai ya Kavoi ikazidi kujaa kikombeni.