Losheni Iliyotoka Sofu

Simu ya Bi Tatu ilinikuta nimevaa glovu, napima nta kwenye mizani. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Chumba changu cha kazi kipo uani kwetu, hapa Sofu, Kibaha. Kilikuwa banda la kuku mpaka Laurean, mume wangu, alipokiwekea vigae na feni. Humo ndimo natengenezea losheni, mafuta ya nywele na sabuni ya maji. Kemia nimeisomea, kiwandani Dar nimefanya kazi miaka sita kabla ya kujiajiri, na nilikuwa napenda kusema kwamba kwa habari ya ngozi hakuna wa kunifundisha mkoa huu mzima. Jamani, mdomo huu!

"Eugenia mwanangu," alisema Bi Tatu, na sauti yake ilikuwa haina nguvu. "Zawadi ameungua."

"Ameungua na nini? Moto?"

"Hata sielewi, mama. Uso, mabega, mikono, malengelenge matupu. Na harusi ni kesho."

Bi Tatu ndiye anayeniuzia losheni zangu Msimbu, kule Kisarawe. Ni mwanamke wa makamo ya mama yangu, na ni somo, yaani yeye ndiye anayewaweka ndani mabinti wanaoolewa, akawasinga ngozi kwa liwa ya kunukia, akawafunda, na siku ya harusi akawatoa kwa mkono wake. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi sijazaliwa. Zawadi ni binti wa kaka yake, amemlea tangu akinyonya. Wiki mbili nyuma nilimpelekea chupa sita za losheni mpya kwa ajili ya mwali huyo, nikajigamba kwamba atang'aa mpaka wakwe wasahau mahari waliyotoa.

"Umempaka nini?" nikamuuliza.

"Liwa, kama siku zote. Na losheni yako."

"Losheni yangu haiunguzi mtu, Bi Tatu. Umemchanganyia mkorogo."

"Sijamchanganyia kitu."

"Nakuja," nikasema, nikakata simu.

Nilikuwa nawaka. Mkorogo ndio adui yangu. Kila nikiuza chupa, kuna mtu ataichanganya na mikrimu ya kujichubua aliyoipata kwenye kapu la mchuuzi, ngozi ikimbabuka anasema ni losheni ya Eugenia. Na hii nilikuwa na uhakika nayo kuliko zote. Niliijaribu wiki sita kwa watu kumi na wawili hapa mtaani: Laurean mwenyewe, jirani yetu Castory wa wizarani, Blessing anayefanya kazi benki, Posta ya Dar, na wenzao. Kila Jumapili niliwakagua ngozi kwa lenzi na kuandika daftarini. Hakuna aliyewashwa wala kutoka hata kipele. Sasa leo mtu aniharibie jina? Thubutu!

Dulla wa bodaboda alinipakia. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, mpaka tulipopita Kisarawe mjini akashindwa kuvumilia.

"Sista, unagombana na nani huko nyuma?"

"Endesha pikipiki, Dulla."

"Poa, sista, poa. Ila hasira hasara."

Uani kwa Mwinyimadi, baba yake Zawadi, maturubai yalikuwa yameshafungwa. Wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wanamenya vitunguu na kuchambua mchele, lakini hakuna aliyekuwa anaimba. Bi Fadhila, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amekaa kwenye kiti peke yake, amefura. Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mwali. Aliponiona alitabasamu. Alidhani nimekuja kumtetea.

Sikusalimia mtu. Nilisimama katikati ya ua, nikaanza.

"Bi Tatu, mimi nimekupa losheni safi. Nimeipima, nimeijaribu. Umeweka nini humo? Nani asiyejua kwamba masomo wa huku mnawachubua mabinti ili waonekane weupe siku ya harusi?"

"Mwanangu, mbele ya Mungu, sijaweka kitu."

"Basi nimeweka mimi?"

Nilisema hivyo hivyo, kwa kelele, mbele ya watu wote. Msimbu huniita Mtaalamu. Nikisema jambo la ngozi, limesemwa. Nikasikia wanawake wakinong'ona, "Mtaalamu kasema ni mkorogo." Bi Fadhila akainuka.

"Tumesikia wenyewe," alisema. "Na sisi tulishauliza habari ya mkorogo tangu asubuhi, tukaambiwa tunasingizia."

Mwinyimadi alimgeukia dada yake. "Dada," akasema, "kaa pembeni. Mwali atatolewa na mtu mwingine."

Bi Tatu hakubishana. Alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo wa chumba cha mwali, akamkabidhi Bi Fadhila. "Mtaalamu amesoma," alisema taratibu. "Labda ni mkono wangu kweli. Labda liwa ya safari hii ilikuwa mbaya." Akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye kuni.

Nilijisikia nimeshinda. Naandika hivi na uso unaniwaka.

Ndipo nikaingia kumwona Zawadi. Alikuwa amelala chali, amefunikwa kanga nyepesi, na nilipoiinua nikasema Mungu wangu. Paji la uso, pua, mashavu, mabega yote mawili, mikono mpaka vidoleni, vyote vyekundu na vimejaa malengelenge, mengine yameshapasuka. Binti wa miaka ishirini na tatu, uso umemvimba hata jicho la kushoto halifunguki vizuri. Nikainama nimkague, nikitafuta kile nilichokuja kukitafuta, yaani ngozi iliyochubuka kila mahali palipopakwa.

Lakini chini ya kidevu palikuwa pazima. Shingoni, mkufu ulipokuwa umelala, palikuwa na mstari wa ngozi safi. Kifuani kanga ilipokuwa imefungwa, safi. Mgongoni safi. Kiganja safi.

"Zawadi, losheni ulipakwa wapi?"

"Mwili mzima, dada."

"Kila siku?"

"Kila siku, tangu niwekwe ndani. Siku saba."

"Na hukuwashwa?"

"Hata kidogo. Ngozi ilikuwa nzuri, kila mtu ananisifia. Ni toka jana."

"Juzi Jumatano kulikuwa na nini?"

"Walinitoa nje kuchezwa ngoma ya mwali. Nilikaa pale kwenye mkeka toka saa nne mpaka saa nane. Shangazi alinipaka asubuhi, alitaka ninukie."

Nikakaa sakafuni.

Ni jua. Losheni ilipakwa kila mahali, lakini palipoungua ni pale tu jua lilipopiga. Na mkorogo hauwezi kuruka mkufu. Nikatoa daftari langu mkobani, nikaufungua ukurasa wa losheni ile ingawa niliujua kwa moyo. Mafuta ya maganda ya ndimu, asilimia mbili. Siku zote nilikuwa natumia yale ya kununua, yaliyotolewa kwa mvuke, ambayo hayana shida. Safari hii duka liliishiwa, nikaona ujanja: nikayakamua mwenyewe kwa mikono, kwenye maganda mabichi, harufu ikatoka ya kupendeza ajabu. Na mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa hivyo, yakiwa juu ya ngozi na jua likaipiga, yanaunguza, na malengelenge huchelewa kutokea kwa siku moja au mbili. Hilo tulifundishwa mwaka wa pili. Nilijibu swali lake kwenye mtihani. Nilikuwa najua! Nilikuwa najua na nimeweka kwa mkono wangu mwenyewe.

Na wale watu wangu kumi na wawili? Laurean anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la Dar, anarudi saa mbili usiku. Castory hivyo hivyo. Blessing hivyo hivyo. Nilikuwa nimeijaribu losheni kwa wiki sita juu ya watu wasioliona jua, kisha nikaipeleka kwa watu wanaolima.

Nilimwambia Zawadi asiguse losheni ile tena, awekewe kitambaa cha maji baridi, asipasue lengelenge hata moja, na apelekwe hospitali sasa hivi huku amefunikwa. Pikipiki ikamchukua pamoja na mwanamke mmoja wa nyumbani. Nikampigia Laurean azuie chupa zote zilizobaki na awaambie wale kumi na wawili waache kupaka. Halafu nikatoka uani.

"Jamani, nisikilizeni. Ni mimi. Kosa ni la losheni yangu. Bi Tatu hajaweka kitu."

Nilitegemea kelele, hata kofi. Badala yake Bi Fadhila alinitazama kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kitu chochote.

"Mama, una roho nzuri," alisema. "Umemwona mtu mzima anaaibika, umemhurumia. Lakini ulilosema mwanzo, ulilisema kwa hasira, na mtu akiwa na hasira hasemi uongo."

"Nilikosea! Ni ndimu! Ni ndimu na jua!"

"Ndimu?" mwanamke mmoja akacheka. "Ndimu tunakula kila siku."

"Mzee Mwinyimadi, nakuomba."

Mwinyimadi alitikisa kichwa. "Mtaalamu, umeshasema. Watu wa upande wa bwana harusi wamesikia kwa masikio yao. Unataka nifanye nini?"

Nimeishi na mdomo huu miaka thelathini na nane. Siku hiyo niliushuhudia ukifanya kazi, na sikuweza kuurudisha nyuma hata hatua moja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nikafanya kitu pekee ninachojua kukifanya. "Leteni chupa," nikasema. Wakaleta ile ile ya Zawadi, imebaki nusu. Nikakunja mikono ya blauzi, nikajipaka kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono, kulia na kushoto, sawasawa, mbele ya macho yao. Mkono wa kushoto nikaufunga kwa kanga nene. Wa kulia nikauacha wazi. Nikaenda kukaa kwenye mkeka pale pale alipokaa mwali, jua la saa tano likiwa utosini.

"Mkorogo ungeunguza mikono yote miwili," nikawaambia. "Jumapili nitarudi. Mkono huu utakuwa kama mabega ya Zawadi. Huu mwingine utakuwa mzima."

Walidhani nimechanganyikiwa. Nilikaa pale kwa muda wa saa tatu. Dulla alikuja mara mbili kuniambia twende, sista, watu wanatucheki. Ilipofika saa saba Bi Tatu alitoka nyuma ya nyumba na kikombe cha maji, akachuchumaa kando yangu.

"Humo ndani mna nini, mwanangu?"

"Ndimu. Maganda ya zile ndimu ulizoniletea kutoka shambani kwako."

"Kwenye chupa hukuandika ndimu."

"Niliandika mafuta ya asili. Niliogopa kuigwa."

"Ungeandika, ningempaka usiku tu. Mtu hapaki ndimu akatoka juani, anatoka mabaka. Bibi yangu alinifundisha hivyo nikiwa mwali." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza tu, kama anavyowaeleza mabinti zake. "Nilikuuliza siku uliyoileta, hii ina nini. Ulisema ni mambo ya kitaalamu, sitaelewa."

Ni kweli nilisema. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nililia pale kwenye mkeka na sikujali nani ananiona.

Usiku ule mkono ulianza kuchoma. Jumamosi jioni ulikuwa mwekundu, umevimba, hauguswi hata na shuka. Laurean aliutazama, akakaa kitandani, akauliza, "Eugenia, na hii tulikuwa tunapaka sisi?" Jumapili asubuhi malengelenge yalikuwa yametoka kuanzia kiwikoni mpaka kifundoni, mengine makubwa kama punje za mahindi. Dulla alipoyaona hakufanya utani. Aliniendesha polepole mpaka Msimbu, akikwepa kila shimo.

Wanawake wale wale walikuwa wanaosha masufuria ya harusi. Bi Fadhila naye alikuwepo, amekuja kumjulia hali mkwe wake, aliyekuwa bado kwao akiuguzwa. Niliwaonyesha mkono wa kulia kwanza. Mtu mmoja akasema, "Innalillahi!" Kisha nikaifungua kanga ya mkono wa kushoto, nikaunyoosha. Ngozi ilikuwa laini, haina hata doa.

Bi Fadhila aliusogelea, akaugusa wa kushoto, akautazama wa kulia, akarudi wa kushoto. Mkono wake ukaenda mdomoni. "Astaghfirullah," akasema. "Tumemdhulumu mtu."

Mwinyimadi alitembea mwenyewe mpaka alipokuwa amekaa dada yake, akapiga magoti, mzee mwenye mvi. "Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe."

Na wengine wakafuata mmoja mmoja, na kila mmoja akamjibu hivyo hivyo, nimekusamehe. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alinishika mkono ulioungua, akaugeuza polepole upande na upande, akiukagua kama anavyokagua ngozi ya mwali.

"Jana walipomtoa Zawadi," alisema, "walimfunika shela uso mzima, lakini nilimwona anageuza kichwa huku na huku. Alikuwa ananitafuta. Mimi nilikuwa nimesimama kule kwenye kuni, nasikiliza vigelegele." Aliuweka mkono wangu chini, juu ya paja langu, kwa uangalifu usije ukagonga kitu. "Huu utapona, mwanangu. Lakini mwanangu yule alitolewa na mtu mwingine."