Mikeka Chini ya Makapi

Mwaka wa tatu wa uhuru wetu nilikwenda kisiwani Nosy Be kumposa Zalia, mjane wa rika langu, na Mwenyezi Mungu akaniwezesha kusema yote bila kigugumizi. Zalia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza habari za marehemu mumewe. Alikuwa mpenda maua ambaye hakuwahi kung'oa hata gugu moja, na kwa miaka ishirini aliyeinama ni mkewe. Maua bado aliyapenda, na aliyataka mlangoni, ayanuse asubuhi. Lakini magugu hangeyainamia tena. Baada ya mwezi wa Maulidi angekuja kwangu Mahajanga kuiona nyumba, na akikuta gugu la ndago, angepanda meli ileile arudi kwao.

Nyumba yangu iko mtaa wa Mahabibo. Kutoka langoni hadi mlangoni kuna tuta la maua, upana wa hatua mbili, na wakati huo lilikuwa ndago tupu. Mchana nilipakua mizigo bandarini. Jioni, siku tano kwa juma, nilikwenda darasa la watu wazima, kwa sababu nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na saba na sikutaka kuziacha herufi njiani.

Msaada ulitoka hukohuko darasani. Mwalimu alitupa kijitabu cha kilimo tukisome kwa zamu, na zamu yangu ikaangukia ukurasa uliosema hivi: funika udongo kwa kitambaa kizito, toboa matundu ya mimea, mwaga makapi juu yake, magugu yakikosa mwanga hufa. Ilinichukua jioni tatu kuumaliza. Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu kujifunza kutoka kwenye karatasi, na nilisujudu sijida ya shukrani.

Kitambaa kizito sikuwa nacho. Boinali, mtunza msikiti wetu, alikuwa na mikeka ya kusalia kumi na mmoja iliyochakaa. Kuitupa jalalani aliona vibaya, kuichoma aliogopa, na kwa mwaka mzima ilikuwa imekunjwa stoo ikimtazama. Nilipomwomba, aliibeba mwenyewe mpaka kwangu. Nikaitandika, nikatoboa matundu kwa bismillahi moja moja, nikapanda asumini na rihani, nikamwaga makapi ya mpunga. Tuta likawa safi kama ukumbi.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia Boinali anyamaze kuhusu mikeka hiyo. Kesho yake Soudjay, mzee wa jirani ambaye sote tulimwita Bakoko, yaani babu, na ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha dhoofika, alivua viatu langoni kabla ya kupita kando ya tuta. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulivua. Kisha Bakoko akauliza mikeka imelala kuelekea wapi. Nikasema imefuata tuta, yaani inaelekea bandarini. Akaniuliza kwa upole tangu lini watu husali kuelekea bandarini.

Usiku huo sikupata raha. Asubuhi niliyaondoa makapi, nikaing'oa miche, nikaigeuza mikeka yote ielekee kaskazini, kibla, nikapanda upya na kuyarudisha makapi. Lakini ikiwa imelala hivyo haikutosha kulijaza tuta. Kati ya mkeka na mkeka ilibaki nafasi ya vidole viwili, na gugu la ndago halihitaji zaidi ya hapo.

Lilichipuka karibu na ukuta, mahali ambapo mkono haufiki mpaka uingie tutani. Nami nilikuwa nimekwisha kuona haya kuikanyaga mikeka. Nikasimama pembeni siku nne, nikaomba dua.

Siku ya tano Zalia alifika. Majirani walikuwa wamekuja kumlaki, na alipoona viatu vimepangwa langoni aliuliza kwa Kikomoro chake, kilichochanganyika na Kimalagasi, kama kuna msiba. Nilimweleza yote, kijitabu, mikeka, kibla. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza Nosy Be. Kisha akanyoosha kidole ukutani.

"Na lile?"

"Nimeliombea dua, Bweni Zalia," nikasema, nikimwita kwa heshima ya Kikomoro.

"Umeliombea, na limenenepa."

Watu wakacheka. Boinali alicheka kuliko wote, na ndiye aliyeniletea mikeka.

"Mikeka hii ilikuwa ikikanyagwa msikitini?" Zalia akaniuliza.

Nikakubali kwamba ilikanyagwa, mara tano kwa siku.

"Basi kanyaga."

Nikavua viatu, nikaingia. Gugu la ndago lina mzizi mrefu, halitoki kwa kuvutwa umesimama. Nikapiga magoti, nikainama mpaka uso ukakaribia makapi. Nyuma yangu nikasikia nyayo. Bakoko Soudjay, aliyeona mtu ameinama kwenye mikeka akielekea kaskazini, alikuwa amejipanga nyuma yangu, na wengine wawili, kwa kumheshimu, wakajipanga naye.

 Ningeinuka, ningemwaibisha mzee. Nikabaki nimeinama, nikachimba kwa vidole polepole, mpaka mzizi ukatoka wote na kijidonge chake mwishoni.

Nilipogeuka, Zalia alikuwa ameketi kizingitini, amejifunika mdomo kwa shiromani, nguo yake ya kujitanda, mabega yakitikisika kwa kicheko. Alipoweza kusema, aliniuliza ni siku ngapi kwa juma sina darasa. Nikamwambia mbili.

"Na siku hizo utakuwa ukiinama wewe?"

"Mimi, inshallah."

"Hebu acha inshallah kidogo, nijibu wewe."

"Mimi," nikasema.

Akalitazama tuta kutoka langoni mpaka mlangoni, asumini moja moja.

"Meli na iende," akasema.