Waya wa Ichrak

Siku ya tatu sasa, kompyuta ya Ichrak ilikuwa na jibu lile lile: hakuna kifaa kilichounganishwa. Na kifaa chenyewe, kihisi cha kupima unyevu wa udongo na kutuma habari hewani hadi kwenye simu, kilikuwa pale pale mezani, taa yake nyekundu ikiwaka bila haya.

Mjomba Lazhar alikuwa amejitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe. Mbele ya wanachama wote wa chama cha kugawana maji ya mashamba aliapa kwamba Jumatano, kabla ya zamu yake ya maji alasiri, kidude cha mpwa wake kingesema kama mitende ina kiu au haina. Kikisema, chama kingempa Ichrak kazi. Kisiposema, wangewacheka wote wawili mpaka mavuno ya tende. Leo ndiyo Jumatano, na adhuhuri ilishapita.

"Kimesema?" mjomba aliuliza mlangoni.

"Bado, mjomba. Naweka programu upya."

"Si uliziweka jana?"

"Jana niliweka mpya. Leo naweka za zamani. Kuna mtu mtandaoni kasema za zamani ndizo zinazokubali."

"Mtu gani? Wa ukoo gani?"

Ichrak hakujua. Alishaweka na kufuta mara nne kila programu ya kuandikia maagizo ya kihisi, kwa ushauri wa watu wasio na sura. Mabrouka, mke wa mjomba, alishazungusha chetezo cha uvumba juu ya kompyuta kuondoa husuda. Ichrak alipiga chafya. Kompyuta haikubadili msimamo.

Machozi yakamlengalenga. Alikishika kihisi akirudishe kwenye boksi, na hapo ndipo alipoutazama waya uliokiunganisha na kompyuta. Mweupe, unang'aa. Wake ulikuwa mweusi, wenye tepu sehemu tatu.

"Mama Mabrouka! Waya wangu uko wapi?"

"Ule mchakavu? Niliuondoa siku ile ile uliyofika. Mgeni wangu atumie waya wenye viraka, majirani waseme nini? Nikakuwekea wangu wa kuchajia simu, mpya kabisa."

"Mama, huu unapitisha umeme tu! Maneno haupitishi!"

Siku tatu alikuwa akiitukana kompyuta isiyo na kosa.

Waya mweusi ulikuwa umefunga mlango wa banda la kuku. Ichrak aliufungua bila kuwafikiria kuku, nao wakamiminika moja kwa moja kwenye kitalu cha pilipili cha Mabrouka. Yeye hakugeuka. Alichomeka waya, na kompyuta ikakubali papo hapo, kana kwamba haikuwahi kununa.

Alasiri ilipokaribia, kihisi kilikuwa kimechimbiwa chini ya mtende, na Tijani, mwenyekiti wa chama na mwenye shamba la jirani, alishafika tayari kucheka. Simu ya mjomba ikalia. Mjomba akasoma kwa sauti: "Udongo una maji ya kutosha. Usimwagilie."

Zamu hiyo mjomba aliingojea wiki nzima, na aliwahi kununiana na ndugu yake mwaka mzima kwa ndoo mbili tu. Alimtazama Ichrak, akarudisha simu mfukoni.

"Tijani," alisema, "leo maji yangu chukua wewe."

Tijani alisahau kilichomleta. "Huyu binti anaanza kazi lini?"

"Akishakamata kuku wangu!" Mabrouka alijibu kutoka kwenye pilipili.