Sambusa Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Mariyamu alikaa mwaka mzima na donge moyoni. Maulidi yaliyopita zilibaki sambusa tatu kwenye beseni, makundi mawili ya dufu yakazigombania mpaka dufu likapasuka, na akina mama wa Rumonge wakakata shauri: ikibaki tena hata moja, jiko la Maulidi anapewa Asiya. Asiya! Mwanamke ambaye ugali wake unafaa kujengea ukuta! Na Mariyamu alilipenda jiko lile kuliko nyumba yake mwenyewe.

Taabu ni kwamba makundi hayasemi kama yanakuja. Wa kijiji cha Kigwena huja, wa Muhuta wakipata lori, wa Bugarama wakijisikia. Yatakuwa manne? Tisa? Mungu ndiye ajuaye.

"Maman Mariyamu, shida yako iko ndogo," alisema jirani yake Elda, Mkristo wa Uvira anayefundisha hesabu shuleni. "Tengeneza elfu mbili mia tano na ishirini. Wakuje wawili, wakuje kumi, zitagawanyika sawasawa. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye kukubali zote, moja mpaka kumi."

"Hata saba? Saba ina kichwa kigumu."

"Saba, kila kundi mia tatu na sitini. Nane, mia tatu na kumi na tano. Tisa, mia mbili na themanini."

Mariyamu alichukua kalamu, akatafuta kosa mpaka akachoka. Basi wanawake wakakunja sambusa siku mbili, vidole vikafa ganzi.

Siku ilipofika, yakaingia makundi kumi kamili. Mia mbili hamsini na mbili kila sinia! Mariyamu, kidevu juu, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupakua, lori likapiga honi nje. Kundi la kumi na moja, kutoka Bujumbura. Nani kawaita, jamani?

"Kumi na moja haimo," Elda alinong'ona. "Kila kundi mia mbili ishirini na tisa. Itabaki moja."

Ikabaki kweli. Sambusa moja ndani ya beseni, na ua mzima ukiitazama. Asiya akajongea, akafungua mdomo aseme lake, na papo hapo Mariyamu akamlisha ile sambusa kwa mkono wake, kama anavyolishwa bibi harusi.

Vigelegele! Heshima kama hiyo mtu anaitemaje? Asiya akatafuna, akameza.

"Tamu," alikiri. "Na hakuna iliyobaki. Jiko ni lako. Ila hawa wa Bujumbura wameapa kurudi mwakani, kwa hiyo tafuta namba inayokubali mpaka kumi na moja."

Mariyamu alimgeukia Elda huku akifuta machozi ya furaha. "Ni ngapi hiyo, mwalimu?"

"Elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini."

Mariyamu alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akamfunga Asiya, akakaza fundo.

"Hongera, dada yangu," alisema. "Jiko lako hilo."